Waja Leo, Waondoka Leo

Siku hizi kila mtu Tanga anaisifu bandari. Mimi hunyamaza, maana nikisema yaliyonifika nitaitwa adui wa maendeleo. Lakini katika Makorora nzima sidhani kama yupo aliyeumizwa na kuchimbwa kwa kina kile kuliko mimi.

Zamani mambo yalikuwa na staha. Pale gatini maji yalikuwa kina cha mita 3 hivi, meli kubwa haithubutu kusogea. Ilitia nanga huko nje, kiasi cha kilomita 1.7, mizigo ikaletwa kwa matishari. Baharia akitaka kushuka ilibidi atafute boti, aombe ruhusa na awe na roho ngumu, kwa hiyo wengi walijilalia zao. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, aliwahi kupita kwa mtindo huo. Akapiga simu: "Shemeji, taa zenu naziona!" Nami nikampungia mkono kutoka sebuleni. Undugu ukadumu.

Sasa wamechimba mpaka mita 13, gati limekuwa la mita 450, na meli inakuja kufunga kamba mjini kabisa. Shemeji anateremka ngazi, anatoka getini, anadandia bajaji, saa moja na nusu asubuhi anabisha hodi kwangu nami bado nimo ndani ya msuli.

"Shikamoo shemeji. Nina siku moja tu, saa kumi na mbili jioni niwe melini. Nataka kuiona Tanga yote."

Tanga yote! Mimi niliyezaliwa hapa, zipo barabara za Ngamiani ambazo mpaka leo nazijua kwa namba tu.

Kilichomharibu huyu kijana ni Liverpool. Aliwahi kupewa siku moja ya kushuka kule, na tangu hapo hana habari nyingine. Basi dogo la kuwahudumia mabaharia lilimfuata mpaka getini. Akaliona lile jengo la Royal Liver, la mwaka 1911, lenye ndege wawili juu ya minara yake. Akapiga picha na sanamu za Beatles kando ya mto, akavuka Mersey kwa kivuko na kurudi bila shida yoyote, akala samaki na chipsi, akaenda kushika geti la Anfield, na saa kumi na moja alikuwa melini anavua viatu. Yote hayo anayasimulia kwa saa na dakika. "Wenzetu wamejipanga, shemeji," anamalizia, huku akiitazama saa yangu ya ukutani, ambayo ilisimama zamani na hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Haya, nikasema twende. Tuanze mapango ya Amboni, turudi makumbusho ya Urithi pale kwenye boma la Mjerumani, tupite Deep Sea tuangalie samaki, tumalizie Raskazone. Mama watoto akatokea jikoni na mwiko. "Nani anatoka? Mdogo wangu hajanywa chai."

Msomaji asiye wa Tanga atadhani chai ni kikombe. Yalikuja mahamri na mbaazi za nazi, ikaja mihogo, likaja sinia la viazi vya karai. Kisha akaja bibi wa nyumba ya pili, kasikia kuna mgeni. Akamshika shemeji mkono, hakuuachia. Akauliza habari za baharini, za mama yake, za shangazi yake aliyeolewa Pangani, za yule mtoto wa shangazi aliyevunjika mguu, ambaye sasa ana wajukuu. Mkono umo mkononi muda wote. Shemeji alikuwa anachungulia saa kwa kona ya jicho, na bibi alimwona. "Una haraka, mwanangu? Kaa kwanza, usije ukaanguka." Tulitoka saa nne na nusu.

Amboni ni kilomita kama 8 tu, kwa barabara ya Horohoro. Lakini bajaji ilisimama barazani ili dereva adai hela yake, na wazee wa kahawa wakataka kujua shemeji ni wa Coastal Union au wa African Sports. Akajibu kwamba yeye ni wa Liverpool. Nusu saa nyingine ikapotea hapo, na sikumwonea huruma.

Pangoni, mwenyeji aliyetuongoza akawasha tochi na kutuonyesha mawe: hili limekaa kama kochi, lile kama msikiti, na njia hii wazee walisema inatokea Mombasa. Akatueleza habari za Osale Otango, aliyejificha humo enzi za mkoloni akiwindwa na serikali. Nikamwona shemeji kaanza kulainika. Kisha tukafika pale pa kupita kwa kuinama. Tumbo la chakula cha melini likagoma. Mimi nasukuma kwa nyuma, mwenyeji anavuta kwa mbele, popo juu wanatushangaa.

Tulifika Raskazone alasiri, Urithi na Deep Sea tumewapungia tu. Hapo nikaona nimpe dawa yake. Nikamwambia: Novemba 1914 Waingereza nao walishuka hapa hapa wakitaka kuimaliza Tanga chapuchapu. Jenerali Aitken alikuja na watu kama 8,000, na Mjerumani na askari wake hawakuzidi sana 1,000. Wakakutana na risasi, wakakutana na nyuki, na tarehe 5 walikuwa wanagombania boti kurudi melini, wamewaachia wenyeji risasi zipatazo nusu milioni. Tena wamo waliotoka Lancashire, ambako siku zile Liverpool yako ilikuwa ndani yake. "Umeona? Hata wao siku moja haikuwatosha."

Akafikiri. "Hawakuwa na basi la getini, shemeji."

Saa kumi na moja nilikuwa nimeshamwitia bajaji mimi mwenyewe, na nauli nimelipa. Ndipo mvua ya masika ilipoanza. Simu ya shemeji ikalia, akasikiliza, akacheka. Meli inashusha mbolea, na mbolea hailoweshwi. Wamefunika, kazi imesimama, ofisa wake kamwongezea ruhusa mpaka kesho jioni.

"Basi kesho tuanze mapema," akasema, "twende magofu ya Tongoni, halafu Pangani nikamsalimie shangazi."

Mama watoto hakuniuliza kitu. Alishaingia chumbani kubadilisha shuka za kitanda changu, na mimi akanitolea mkeka.