Piga Picha ya Skrini Kabla Bei ya Dhahabu Haijageuka

Steshenari za Geita, Katoro na Kahama zina ubishi usioisha: picha ya skrini ipigwe na kompyuta yenyewe au na kivinjari? Tuanze na anayeburuta mkia.

5. Kupiga kioo cha kompyuta kwa simu. Tunakuona, kaka. Namba ya malipo inatoka nusu, taa ya dukani inatoka nzima, na paji lako la uso ni nyongeza.

4. Viendelezi vya kivinjari. Mishale mizuri, ukungu wa kuficha namba ya simu, raha tupu. Ila vingi vinaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti zote. Kwenye kompyuta ya watu wote, hapo umempa mpita njia zamu ya kulinda duara lako.

3. Windows+Shift+S. Unakata kipande unachotaka, basi. Lakini kwenye Windows 10 kipande hicho hakijawa faili mpaka ukihifadhi, na kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika, anza upya, na dada wa steshenari anataka hela yake.

2. Firefox. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kupiga picha, hifadhi ukurasa mzima. Uwezo huu umo humo tangu 2017, hakuna cha kupakua. Matokeo ya kidato cha nne ya shule nzima kutoka NECTA yanatoka kwenye picha moja ndefu, wakati wenzako wanaunga vipande. Kasoro yake: saa haimo wala anwani ya tovuti. Mjomba mbishi atasema umeyatengeneza mwenyewe.

1. Windows na PrtScn kwa pamoja. Haina mbwembwe, haili bando. Picha inajihifadhi yenyewe kwenye folda ya Screenshots, skrini nzima, na saa yake pale pembeni chini. Geita ina soko lake la dhahabu tangu 2019, lakini bei ya dunia inacheza kila dakika. Ukibishana na broka kuhusu bei ya saa nne asubuhi, saa hiyo ndiyo shahidi wako. Laptopu nyingine hudai na Fn, zipe.

Kwa hiyo ukurasa mrefu mpe Firefox, mengine yote PrtScn. Na kabla hujatuma kwenye grupu la WhatsApp, kagua tabo ulizoacha wazi. Nazo zimo kwenye picha.