Sifa za Ukata, Mtayarishaji Mkuu

Ewe Ukata, wengi wanakulaani. Mimi nasimama kukusifu. Mwanafunzi wa filamu anayetaka kuzifanyia tashtiti zile filamu za mfululizo za zamani, za roketi, mapango na maharamia, hahangaiki kutafuta mtayarishaji. Wewe umekwisha hamia chumbani kwake, tena kodi hulipi.

Nani anaijua kazi hii kukushinda? Filamu zenyewe wewe ndiwe uliyezilea. Flash Gordon ya mwaka 1936, yenye sehemu 13, ilirithi majengo na muziki wa filamu za kutisha za kampuni ya Universal, na moshi wa roketi zake ulipanda juu kama wa jiko la mkaa. Kampuni ya Republic ilimrusha mtu wa roketi katika King of the Rocket Men mwaka 1949. Mwaka 1952, katika Radar Men from the Moon, picha zilezile za kuruka zikatumika tena. Leo gari linaporomoka gengeni na steringi yumo ndani. Wiki ijayo tunaonyeshwa kwamba kumbe aliruka mapema. Watoto walijua wanalaghaiwa, na Jumamosi iliyofuata wakakata tiketi.

Hapo ndipo ilipo hekima yako. Anayeiga filamu ya mamilioni akaboronga, ameboronga. Anayeikejeli filamu ya kimaskini akaboronga, amepatia. Ukuta wa maboksi ukitikisika, hiyo ni tashtiti. Masharubu ya adui yakibanduka katikati ya vitisho, tashtiti hiyo. Kivuli cha maikrofoni kikipita usoni pa binti mfalme, wahakiki watasema ni tashtiti ya hali ya juu. Steringi akibanwa na mtihani, mvike mwenzake kofia ileile, mpige picha kwa mgongo, hadithi isonge. Hela zikikata kabla ya mwisho, andika “Itaendelea”, nao ukumbi utashangilia.

Wasioamini na waitazame Dark Star, ya John Carpenter na Dan O'Bannon, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California na kuingia sinemani mwaka 1974. Kiumbe wake wa anga za mbali ni mpira wa kuchezea ufukweni, uliopachikwa makucha. Baadaye O'Bannon alilirudia wazo hilo la kiumbe anayesakwa chomboni, akaondoa kicheko na kuweka hofu. Ikazaliwa Alien ya mwaka 1979. Mwenye fedha angenunua dubwana la kweli siku ya kwanza, na asingewaza tena.

Kwa hiyo, enyi wafadhili, nawasihi: mwanafunzi huyu msimpe hela. Walisheni waigizaji wake chakula cha mchana, kisha ondokeni upesi, kabla hajawaomba mashine ya moshi.