Heshima kwa Yai la Buluu

Tuwape heko Wamarekani wanaofuga kuku uani ili wapate mayai ya rangi. Yai jeupe, jamani, ni la watu wasio na malezi. Wao wana Araucana, kuku wa asili ya Chile, na buluu ya yai lake si ya kupakwa: imepenya ganda hadi ndani. Wenye roho ndogo watapiga hesabu kwamba fedha ya banda ingenunua mayai ya dukani mpaka wajukuu waoe. Wapuuzeni. Mayai hupangwa kwenye trei, yakapigwa picha kama maharusi, ndipo yavunjwe kikaangoni. Ndani, ajabu ya Mungu, ute na kiini cha njano. Ganda linakwenda jalalani. Asiyeisikia ladha ya buluu, kasoro ni ya ulimi wake.