Kanyaga, Shikilia, Achia

Wewe msomaji mwenye gari kuukuu na mama mkwe, sogea hapa tuliwazane.

Pikapu yetu ni Peugeot 504, zawadi kutoka ukweni. Nikijigamba kwamba ndugu zake walishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, mke wangu Kamishna hunijibu kwamba hao ndugu walikuwa na breki.

Jumapili tulikuwa tukimleta Mama Tuta kutoka Iten. Ndiye mama mkwe. Jina hilo nalitaja chini ya ulimi, na alilipata kwa kuwa kila tuta la barabarani hulitangaza kabla hata halijaonekana. Tukikaribia kuingia mtaa wa Munyaka nikakanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni. Nikapampu tena, ikashika. Mama Tuta akaanza kusali kwa sauti.

Nikajipa udaktari. Pedali ikizama polepole chini ya mguu na hakuna mafuta yanayovuja nje, shuku masta silinda. Ikipanda kwa kupampu, huenda lainingi za nyuma zimelika zikakaa mbali na dramu. Yangu ilipanda. Fundi wa nini?

Jumamosi iliyofuata nikaweka mawe, nikapiga jeki. Dramu ikagoma kutoka. Niligonga nusu saa, majirani wakatoka na vikombe vya chai, mpaka Injinia wetu wa gredi ya nne akauliza, "Baba, hendibreki umeiachia?"

Tuyaache hayo. Ndani kumelowa: silinda ya gurudumu ilikuwa ikivuja. Lainingi ikishakunywa mafuta ya breki haifuliki. Unanunua mpya, na za pande zote mbili, la sivyo gari litavuta upande. Vumbi sikulipuliza, kwani lainingi za zamani huwa na asbesto. Nilililowesha kwa maji. Maji yalikuwa kwenye beseni la Kamishna, na kesi ya beseni bado inaendelea.

Kosa langu lilikuwa kufungua magurudumu yote mawili kwa pamoja, nikakosa la kuigia. Springi moja iliruka hadi kwenye sukuma wiki ya jirani. Nilikuwa nimeketi nikitazamana na vyuma Mama Tuta alipotokea, leso kiunoni. "Baba Injinia, hebu inuka." Kumbe miaka yote ile ndiye aliyemshikia marehemu mumewe tochi akiitengeneza. Akapanga kila springi mahali pake bila kuuliza.

Ikabaki kutoa hewa. Kamishna ndani, mimi mvunguni: "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Nikasema achia kabla sijafunga nipo ya kutolea hewa, hewa ikarudi yote. Kufikia mara ya saba, mtaa mzima ulijua tunaachana.

Kwenda kuijaribu, Kamishna alishika usukani, Mama Tuta akakaa mbele. Mimi nilipanda nyuma na jeki. Tuta la kwanza, Mama Tuta hakulitangaza.