Mgeni Njoo, Barabara Ipone

Sheria ya Miji na Majiji ya Kenya ya 2011 inataka kila manispaa iwe na mpango jumuishi wa maendeleo. Wataalamu nao hushikilia kwamba mji hupangwa kwa kupima uchumi, siasa na mahitaji ya wananchi. Homa Bay imepata njia ya mkato: mgeni. Sherehe za Madaraka za 2025 zilipopelekwa huko, uwanja ukashughulikiwa mbiombio, lami ikamwagwa, na kuta zikang'aa upande wa barabarani (wa nyuma haukualikwa). Agosti likafuata kongamano la ugatuzi. Na jirani yake Migori je? Mama wa omena bado amepanga mafungu yake kando ya barabara ya Isebania, malori yakimtifulia vumbi. Asiwasumbue wapangaji mji, aombe sikukuu.