Muhadhara wa Dhahabu Chini ya Mwembe wa Majengo

Vijana nyamazeni, na wewe wa bodaboda zima pikipiki, elimu haipigiwi honi. Ninayesimama juu ya kreti hili la soda ni Profesa wa Dhahabu Ndogo Kuliko Zote. Cheo nimejipa mwenyewe, waliostahili kunipa walichelewa.

Mnakimbilia migodi ya Ibindi na Dirifu, mnashinda ndani ya duara mkichimba, mnasaga mawe kwenye karasha, mnavuta moshi wa zebaki, jioni mnarudi na pointi mbili za dhahabu. Na dhahabu ipo hapahapa zahanati! Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, mlidhani ni damu yenu? Narudia kwa waliokaa karibu na muuza mihogo: ni dhahabu.

Mbona si ya njano? Swali la kitoto. Mimi nilijiuliza juzi tu. Milimita moja igawe mara milioni, chukua vipande kama arobaini: hapo ndipo chembe ya dhahabu hii inapoishia. Ikiwa ndogo hivyo huuchezea mwanga, ikaonekana nyekundu kama juisi ya rozela. Mwanasayansi Michael Faraday aliyaeleza hayo London mwaka 1857, nami nakubaliana naye. Aliona pia kwamba ukitia chumvi wekundu unageuka bluu, kwa kuwa chembe zinashikamana. Dawa yake ni kuzivika koti la protini. Na la kwenye kipimo si koti la mtumba, ni kingamwili. Nesi anakutoboa kidole, anadondosha damu, anaongeza matone ya dawa. Vyote vinatambaa kwenye karatasi, koti linadaka protini ya kijidudu cha malaria, na chembe zikifika mstarini zinanaswa pamoja nayo. Chembe zikirundikana pale, jicho linaona.

Sasa sikilizeni uchumi. Mzima anapata mstari mmoja, ule wa kuhakiki kipimo tu; mwenye malaria miwili. Jirani yangu alipopata miwili alilia; mimi nilimpa hongera.

Nimeshakusanya vipimo kumi na vinane vilivyotumika, vimo humu kwenye rambo. Nesi alinikuta kwenye shimo la taka akanitimua kwa ufagio, eti vina damu za watu, nitaleta maradhi nyumbani. Wivu wa kitaaluma huo.

Naona mzee wangu pale mbele ametoa mizani yake ya pointi. Irudishe mfukoni, baba. Muhadhara wa leo ni wa nadharia.