Namna ya Kuzunguka Mbuyu Bila Kukamatwa

Umeamua kutafuta miti mikongwe ya eneo lako, uipime na kuiandika daftarini. Hongera, ila lugha imekwisha kukuharibia. Mbuyu hupimwa kwa kuuzunguka, na ukiaga nyumbani kwamba unakwenda kuzunguka mbuyu, mkeo atajua una kesi mahali na unakwenda kumpoza mtu. Askari akikukuta kichakani na kamba, sema unapima shina. Lile neno jingine usilitamke, hasa mkono ukiwa mfukoni.

Kutafuta ni rahisi. Panda daladala za Dar es Salaam umsikilize konda: Mkwajuni, Mwembechai, Mbuyuni, Mnazi Mmoja. Hiyo ni orodha ya miti, husomwa kwa sauti kila asubuhi, na kasoro yake ni ndogo tu: ukishuka, mara nyingi unakuta duka la simu. Usimuulize mwenye duka mkwaju uko wapi. Atakuuzia chaja.

Mti mkubwa kweli una dalili moja: wenyeji hawauoni tena. Umepigwa misumari, umebandikwa tangazo la mganga na la fundi friji, chini yake wamekaa bodaboda watano na mama lishe, na ukiwauliza mti mkubwa uko wapi, watakuelekeza kijiji cha pili. Tusiwacheke. Kilimanjaro ulikuwa na mkukusu wa mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa Afrika, na dunia ikatangaziwa mwaka 2016.

Kitaalamu, shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko, simama upande wa juu. Utepe wa fundi cherehani uache kwa fundi cherehani. Una sentimita 150, na kwenye mbuyu wa mita 12 utaurudia mara nane, ukifika ya tano hukumbuki ulianzia msumari upi. Chukua kamba ndefu, izungushe, kisha uinyooshe chini uipime. Wazee walitumia pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, nawe unaweza kuazima watoto washikane mikono kulizunguka shina. Chungulia pango la mbuyu kwanza, maana nyuki wakitoka, kitakachopimwa ni mbio.

Ila hatari kubwa si nyuki. Ni utepe wenyewe. Niliwahi kufungua wangu chini ya mbuyu, kijiji kimoja upande wa Bagamoyo, na kabla sijaandika tarakimu ya kwanza nilikuwa na watu kumi na wawili nyuma yangu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Barabara inapita wapi?”

“Hakuna barabara, mzee. Napima mti.”

“Hata yule wa kwanza alisema anapima mti.”

Kwa hiyo anza kwa mwenyekiti wa kijiji, utepe ukiwa bado mkobani, na usithubutu kutia alama ya rangi kwenye shina. Watu waliokwisha kuamka wakakuta X nyekundu ya bomoabomoa ukutani mwao hawatakuuliza kama yako ni ya utafiti.

Halafu mti una wenyewe, na wenyewe hawana simu. Ukiona vitambaa vyekundu na vyeupe, chupa ya marashi na majivu ya ubani, rudi ukaulize. Kwenye msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, kusini mwa Mombasa, mgeni huvishwa kaniki na kutembezwa na mwenyeji, na hakuna aliyepungukiwa na kitu kwa kufuata utaratibu huo.

Kiangazi, usiandike “umekufa.” Mbuyu hupukutisha majani, ukasimama mtupu kama uliong'olewa ukapandwa kichwa chini. Mbuyu uliokufa kweli huporomoka ukawa rundo la nyuzinyuzi. Mbuyu wa Panke, Zimbabwe, uliokadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 2,400, ulianguka hivyo mwaka 2011.

Mahali mti ulipo, andika kwa choyo. Mwaka 2022 mibuyu iling'olewa Kilifi ipelekwe Georgia, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, hadi Rais Ruto wa Kenya akaagiza uchunguzi. Zamani tuliamini mbuyu hauibiki. Siku hizi kuna kreni, na ramani yako nzuri ndiyo itakayomwonyesha dereva wake njia.

Inabaki safu ya umri, ambayo kila daftari linayo na kila mtafiti huijaza kwa furaha. Mduara haukusaidii: mbuyu mnene huenda ni mashina kadhaa yaliyoungana, na ukame ukizidi shina hunywea, ukakuta mti umepungua tangu ulipoupima. Pete za ndani ni hafifu, na moyo mara nyingi ni pango. Wataalamu hupeleka vipande vya mti maabara kupimwa kaboni. Wewe huna maabara, kwa hiyo uliza wazee, nao watakwambia miaka mia tano bila kupepesa, kwa sababu umekuja kutoka mbali na ni aibu kukurudisha mikono mitupu.

Yule mzee wa Bagamoyo nilimuuliza mwisho, watu walipokwisha kutawanyika.

“Mimi nimeukuta,” akasema. “Baba naye aliukuta.”

“Na babu?”

Akaniangalia kwa huruma.

“Andika: umekutwa.”

Nikaandika.